Mfuko wa chakula cha samaki useme kama soya imepikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotugusa wafugaji wa samaki wa Kanda ya Ziwa. Kwa muda sasa tunahimizwa kupunguza dagaa katika chakula cha samaki na badala yake kutumia soya, mashudu ya alizeti na mashudu ya pamba. Naliunga mkono himizo hilo, kwa sababu dagaa ni kitoweo cha mwenye kipato kidogo, na gunia linalokwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku na samaki ni gunia lililoondoka mezani kwa watu. Hata hivyo, mafunzo na matangazo mengi huishia kwenye asilimia ya protini, na ni mara chache mno nimesikia mtu akiuliza utumbo wa samaki unaifanyia nini protini hiyo.

Mimi nina mabwawa mawili ya sato wilayani Magu. Mwaka jana nilipandikiza yote mawili vifaranga vya umri mmoja kutoka kituo kimoja. Bwawa la kwanza niliendelea kulilisha chakula chenye dagaa nilichokizoea, na la pili nikalilisha chakula kipya cha mchanganyiko wa soya na pumba, nilichokinunua kwa mchanganyaji wa huku kwetu kwa bei nafuu. Mfuko ulikuwa umeandikwa protini asilimia 30. Kufikia mwezi wa pili samaki wa bwawa la pili walikuwa wamebaki nyuma, na juu ya maji nikawa naona kinyesi kirefu kama uzi, cheupe, kinachoning'inia nyuma ya samaki bila kukatika. Nilidhani ni minyoo. Afisa uvuvi alipofika tulivua samaki watano kila bwawa, tukawapasua juu ya ubao na kunyoosha utumbo wao jua likiwaka. Utumbo wa samaki wa bwawa la kwanza ulikuwa na rangi moja na umejaa chakula kilichosagika vizuri. Wa bwawa la pili ulikuwa mwekundu kwa vipande, umejaa ute wa manjano, na ndani yake chembe za soya zilikuwa bado zinaonekana kwa macho. Minyoo hatukuiona. Nilipomfuata muuzaji, alinieleza bila kuficha kwamba soya huwa anaisaga mbichi, kwa kuwa kuni zimepanda bei.

Kila mama anayepika maharage anajua kwamba punje mbichi haifai tumboni, na soya ina sababu zaidi za kupikwa. Ndani yake mna vizuizi vinavyokamata tripsini, kimeng'enya ambacho samaki hukitegemea kuvunja protini, kwa hiyo samaki anakula kila siku huku sehemu kubwa ya chakula ikipita tu. Moto huviharibu vizuizi hivyo. Fitati, kemikali nyingine ya soya ambayo hushikilia fosforasi na zinki zisifyonzwe, haiharibiki kwa moto wa kawaida. Hiyo hupunguzwa kwa kuchachusha au kwa kuongeza kimeng'enya cha fitesi wakati wa kuchanganya. Saponini, kemikali ya soya inayoweza kuuchokoza utumbo, nayo huvumilia moto. Katika mashudu ya pamba mna gosipoli, ambayo ni sumu inapozidi, na alizeti iliyokamuliwa pamoja na maganda yake ina makapi mengi mno kwa kifaranga mdogo.

Wenye uzoefu mrefu wa jambo hili ni wafugaji wa samoni wa Norwei. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha samoni wao ilitokana na bahari, na kufikia mwaka 2013 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 30, nyingine ikiwa mimea na mafuta yake. Katikati ya safari hiyo waligundua kwamba unga wa kawaida wa soya, hata uliopitishwa kwenye moto, huvimbisha sehemu ya mwisho ya utumbo wa samoni: mikunjo ya ndani hufupika, ukuta hunenepa, na yote hayo hutokea ndani ya wiki tatu tu. Soya ikiondolewa, utumbo hupona kwa muda unaokaribia huo. Saponini ndiyo iliyoonekana kuwa mchokozi mkuu, na wao hawakurudi kwenye samaki wa kusaga, bali walihamia kwenye protini ya soya iliyosafishwa kwa alkoholi.

Sato si samoni, na hapo tuna bahati kubwa. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, tumbo lake lina asidi kali, na kwa asili ni mlaji wa mwani na majani, kwa hiyo anaivumilia mimea kuliko samaki wala nyama. Anayefuga kambale awe mwangalifu zaidi, maana utumbo wa kambale ni mfupi. Lakini uvumilivu wa sato una kikomo, na kifaranga wa gramu mbili hawezi kulishwa kama samaki wa robo kilo.

Jambo hili linaligusa pia Ziwa Victoria lenyewe. Fosforasi ambayo utumbo umeshindwa kuifyonza hutoka na kinyesi. Katika bwawa langu inaishia kwenye tope, lakini katika vizimba inaangukia ziwani moja kwa moja, na sisi tunaoishi pembezoni mwake tunajua fosforasi inavyonenepesha mwani na magugu maji. Chakula kisichomeng'enyeka humtia mfugaji hasara, na mvuvi wa kawaida naye anakuta maji yamechafuka.

Ombi langu kwa Shirika la Viwango Tanzania na kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi ni kwamba mfuko wa chakula cha samaki uandikwe, pamoja na asilimia ya protini, soya iliyomo imekaangwa, imechemshwa au imechachushwa, mashudu ya alizeti yamekobolewa au la, na kiasi cha mashudu ya pamba. Wachanganyaji wadogo wasifungiwe, kwa sababu ndio wanaotufikia vijijini. Wafundishwe, na wapimwe. Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chukua kijiko cha unga wa soya, weka mbolea ya urea kidogo na maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, kisha funika chupa kwa muda. Ukifungua ukakutana na harufu kali ya amonia, soya hiyo haijaiva. Nilifanya hivyo kwa chakula kilichobaki kwenye mfuko wangu, na harufu ilinifanya nigeuze uso. Asiyesikia harufu naye ahakikishe hakuiunguza, kwa kuwa soya iliyoungua hupoteza lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na samaki hanufaiki nayo.

Soya sijaiacha. Naichemsha nusu saa, naianika, naisaga, na naichanganya na mashudu ya alizeti yaliyokobolewa, kwa kuwa alizeti ina methionini, kijenzi kingine cha protini, ambayo soya inayo kidogo; dagaa nimewabakiza kidogo kwa ajili ya vifaranga tu. Bwawa la pili lilichelewa kuvunwa kwa miezi miwili, lakini kinyesi cha uzi mweupe kilikoma kabla mwezi wa kwanza wa chakula hicho haujaisha.

Mfugaji wa sato,
Magu, Mwanza.