Wakimbiaji nao wapewe uwanja

Ndugu Mhariri,

Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule moja hapa Arusha. Anakimbia mita 1500. Uwanja wa shule ni mmoja, na kila jioni timu ya soka inakuwa imeshauchukua, hivyo wakimbiaji wanaambulia pembezoni mwa barabara, wakipishana na bodaboda. Roho yangu haitulii mpaka arudi nyumbani. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, watu wa netiboli nao wanamvuta.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu mkoani kwetu, alivunja rekodi ya dunia ya mbio hizohizo mwaka 1974. Nawaomba walimu wa michezo wagawe siku: angalau jioni mbili kwa wiki uwanja uwe wa riadha, na njia za kukimbilia zichorwe kwa chokaa.

Mzazi,
Arusha