Vijana mnaochonga vipuri, chipu zinawahusu

Wanangu wa VETA na vyuo vingine vya ufundi, mnaochonga spea na kuchomelea, hamjambo. Siku hizi zikitajwa chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu, nasikia mnasema hayo ya watu wa kompyuta, sisi wa vyuma hayatuhusu, na inaniuma kweli maana sivyo kabisa.

Iangalieni mashine ya kampuni ya ASML ya kule Veldhoven, Uholanzi, inayochapa chipu kwa mwanga ambao wimbi lake lina urefu wa nanomita 13.5 (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni). ASML wanasifiwa na wanastahili, ila vioo wanatengenezewa na Zeiss, leza na Trumpf, wote Wajerumani, na huyo Trumpf ni watu wa mashine za kukatia vyuma hasa. Mwaka 2016 ASML wakakubali kutoa euro bilioni 1 wapate asilimia 24.9 tu ya kitengo cha Zeiss kinachohusika, yaani mteja ndo anamlipa fundi wake asonge mbele, mshawahi kuona?

Afu mwanga ule unamezwa na hewa, kwa hiyo ndani lazima hewa itolewe, na hapo ndo zinaingia pampu na vali. Kuna VAT, kampuni ya Haag, Uswisi, kazi yake kubwa ni hizo vali, na viwanda vya chipu dunia nzima vinazitegemea. Februari 2023 Applied Materials ya Marekani, nao watengeneza mashine za chipu, walitangaza kwamba shambulio la mtandaoni kwa mmoja wa wanaowauzia vipuri litawapunguzia mauzo ya dola milioni 250 hivi kwa robo mwaka. Mtu mmoja tu kakwama!

Sasa nawaomba, jifunzeni kupima vizuri na kuandika, kipande kimetoka chuma gani, nani kachonga, kimeoshwaje, manake kwenye biashara hii ukishakubaliwa hubadilishi kiholela hata dawa ya kuoshea, unamuuliza mteja kwanza. Usafi nao jamani, mafuta ya kidole yanaweza kuharibu kazi nzima.

Na mkifungua karakana msimtegemee mteja mmoja. Ultra Clean na Ichor, wanaotengeneza mifumo ya mabomba ya gesi ya mashine za chipu, mauzo yao mengi yanatoka kwa watengeneza mashine Lam Research na Applied Materials, hao wawili wakipunguza oda na wao wanayumba. Chomeleeni pia mabomba ya chuma kisichoshika kutu ya viwanda vya maziwa na bia, mkono ukishazoea kule ndo mtafute oda za wakubwa.