Safari ya Julai: njia, gari na nafasi za kambi

Ndugu wanakikundi,

Baada ya kupokea maoni yenu, napendekeza tuanzie Denver, Marekani, tuelekee kaskazini kupitia jimbo la Wyoming hadi hifadhi za taifa za Grand Teton na Yellowstone, kisha tumalizie hifadhi ya Glacier, jimboni Montana. Jambo linalohitaji uamuzi wa haraka ni urefu wa gari-nyumba tutakalokodi. Barabara ya Going-to-the-Sun, iliyo ndani ya Glacier na ambayo ndiyo hasa sababu ya sisi kwenda huko, hairuhusu magari yanayozidi futi 21, yaani takriban mita 6.4, kupita sehemu yake ya juu milimani; kwa hiyo tukichukua gari kubwa lenye vitanda vya kututosha sote, itatubidi tuliache kambini na kutumia gari dogo siku hiyo. Mimi naona ni heri usumbufu wa siku moja kuliko kubanana wiki nzima, hasa tukiwa na watoto.

Nafasi za kambi ndani ya Yellowstone hujaa mapema, hivyo naomba kila familia ithibitishe idadi yake kabla ya Jumapili. Madereva wetu wakumbuke kwamba miteremko mirefu hushukwa kwa gia ndogo, si kwa kukanyaga breki mfululizo. Usiku huwa na baridi hata Julai, basi mablanketi yasisahaulike. Chakula chote kitafungiwa ndani ya gari kwa sababu ya dubu, na agizo hilo linahusu pia sufuria ya pilau iliyokwisha kuliwa.

Mhazini atapokea michango ya kukodi gari kuanzia Jumatatu.