Mrututu Umeniumbua

Mikindani, Mtwara

Ndugu yangu Salumu,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, mikorosho inachanua, kila mtu yuko shambani na salfa yake, na Mama Shamte bado anaudai ungo wake.

Nimevunja kimya cha miezi minne kwa sababu mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, umeniumbua mbele ya kidato cha sita. Nilianza vizuri. Nilichoma chembe zake kwenye kijiko mpaka zikapoteza maji na kuwa nyeupe kama unga wa muhogo, kisha nikadondosha tone moja la maji na buluu ikarudi. Wakaelewa kwamba buluu ile si ya shaba peke yake, bali ni ya shaba iliyozungukwa na molekuli za maji, ambazo kila moja huja na jozi yake ya elektroni bila shaba kuchangia hata moja, na kwamba mleta jozi huyo ndiye ligandi. Nikatia amonia kidogo kidogo katika mrututu ulioyeyushwa; kwanza likaja tope la buluu hafifu, na nilipozidisha, tope likayeyuka na kuacha buluu nzito kama wino. Nikawaeleza kwamba nitrojeni haizing'ang'anii elektroni zake kama oksijeni, kwa hiyo amonia huzitoa kwa wepesi zaidi. Hapo, kwa kujiamini kusikostahili, nikaandika ubaoni: "Ligandi yenye nguvu huing'oa iliyo dhaifu."

Binti mmoja wa dawati la nyuma akaomba tujaribu asidi ya haidrokloriki iliyokolea. Rangi ikawa kijani, kisha ikaelekea manjano: kloridi iliyomo katika asidi imeyang'oa maji! Akauliza, kwa upole kabisa, imekuwaje, ilhali jedwali nililowapa juma lililopita linaiweka kloridi chini ya maji. Darasa likacheka. Mkemia Werner alipewa Nobel mwaka 1913 kwa mambo haya haya. Mimi nimeambulia kicheko.

Jibu lilinijia usiku, kama kawaida yangu. Jedwali lile hupanga ligandi kwa kadiri zinavyotenganisha ngazi za nishati za elektroni za metali, yaani linahusu rangi, wala halisemi nani atamng'oa nani. Kloridi ilishinda kwa wingi wake tu, ukasukuma msawazo, yaani ile nenda-rudi kati yake na maji, upande wake, na ndiyo maana tulipoongeza maji buluu ilirudi. Lakini sentensi yangu imekwisha kunakiliwa madaftarini, na kuifuta humo ni kazi kuliko kuyang'oa maji kwenye shaba.

Wewe huanza kuwafundisha lipi, rangi au msawazo? Ile ligandi yako ya EDTA ingalipo, uniazime gramu chache waone molekuli moja ikiishika metali kwa mikono sita? Maji ya kisima chetu, yanayoinyima sabuni povu, tuyapime kwayo? Na ungo wa watu utaurudisha lini?

Wako,
Hamisi