Mgonjwa aelezwe dawa ya usingizi kabla ya kudungwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie madhara ya dawa zinazodungwa kwenye mshipa ili kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji. Mgonjwa hutia saini fomu ya ridhaa baada ya kuelezwa kwa kirefu mahali atakapopasuliwa na kidonda kitakavyopona, lakini nusu kaputi hupitiwa juu juu, akaambiwa kwamba atalala tu na asiwe na wasiwasi. Naamini ana haki ya kujua zaidi ya hapo, tena kwa lugha anayoielewa.

Chukua propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa inayotumika sana siku hizi. Inapoingia mshipani mkono huweza kuwaka moto kwa muda mfupi, na asiyeonywa hudhani amedungwa vibaya. Dawa hiyo hulegeza mishipa ya damu, presha ikashuka, na pumzi inaweza kusimama kwa nusu dakika au zaidi. Hayo yanatarajiwa, na ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hukaa kichwani pa mgonjwa akiwa na oksijeni na vifaa vya kumpumulia. Kwa mzee, au kwa mtu aliyepoteza damu nyingi, dozi hupunguzwa na kusukumwa polepole, kwa sababu presha yake ikianguka ni vigumu kuinuka.

Ketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970 na iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ina tabia tofauti: kwa kawaida haikandamizi sana pumzi, na hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo ni tegemeo kubwa mahali penye upungufu wa vifaa. Shida yake huonekana wakati wa kuzinduka. Mgonjwa, hasa mtu mzima, huweza kuona vitu visivyokuwapo, kuhisi ametengana na mwili wake, au kupiga kelele kwa njozi za kutisha, naye baadaye akanyamaza kwa aibu akidhani amerukwa na akili. Mtu huyu angeambiwa mapema kwamba hali hiyo inaweza kumpata na kwamba hupita, angepunguziwa hofu kubwa. Na zipo dawa, kama midazolamu, za kuituliza.

Thiopentali, iliyoanza kutumika mwaka 1934, ni kali kiasi kwamba ikivuja nje ya mshipa huweza kuunguza nyama, kwa hiyo mgonjwa anayehisi maumivu makali inapoingia aseme papo hapo. Etomideti haiyumbishi sana presha, lakini huweza kumfanya mgonjwa ashtuke misuli, na hata dozi moja huzuia kwa saa kadhaa tezi zilizo juu ya figo zisitengeneze homoni ya kotisoli, inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa na majeraha.

Mgonjwa naye ana wajibu. Dawa hizi zote hudhoofisha kinga ya koo, matapishi yakaweza kuingia mapafuni. Ndiyo sababu ya kukaa bila chakula, na hata maziwa, kwa angalau saa 6, ingawa maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Anayeficha kwamba amekula, kwa kuogopa upasuaji usiahirishwe, anahatarisha uhai wake. Ataje pia dawa anazotumia, pombe, na kama yupo ndugu wa damu aliyewahi kudhurika akiwa usingizini.

Ninaziomba hospitali jambo moja zaidi. Aliyepata tatizo kutokana na dawa ya usingizi aandikiwe jina la dawa hiyo na kilichotokea, na karatasi hiyo aondoke nayo nyumbani, kwa maana mtaalamu atakayempokea siku nyingine, pengine usiku na kwa dharura, hataweza kusoma maelezo yaliyofungiwa katika faili la hospitali ya kwanza.

Msomaji wako