Barua ya wazi kwa wanangu wa kijiweni, kuhusu huyo Epicurus mnayemwagizia kreti

Wanangu, nimeamua niandike hapa hadharani maana mkiwa mezani mziki ni mkubwa na sauti yangu sa hivi haifiki mbali. Sina ugomvi na mtu. Jumamosi iliyopita nilikaa na nyie nikanywa soda yangu, mmoja wenu akanionesha klipu kwenye simu, jamaa anasema mwanafalsafa mkubwa wa Ugiriki, Epicurus, alifundisha kwamba raha ndo lengo la maisha, alafu meza nzima ikapiga makofi na kreti ingine ikaagizwa kwa jina lake. Nikanyamaza. Ila usiku ule usingizi haukuja, kwa sababu huyo mtu mie namjua, nilisoma falsafa miaka mitatu seminari kabla sijaacha nikaenda kuwa karani wa mizigo bandarini, na pale mezani alikuwa anasingiziwa.

Lile neno ni lake kweli, alisema raha ndo mwanzo na mwisho wa maisha mema. Sasa muulizeni aliishi vipi. Kazaliwa kisiwa cha Samos mwaka 341 KK, ilipofika kama mwaka 306 KK akanunua nyumba na bustani Athens akakaa humo na marafiki zake mpaka kufa, na wanawake walikuwemo na watumwa walikuwemo, kitu ambacho zama zile kilikuwa maajabu, ndo maana watu wa nje wakamzushia kila uchafu. Chakula chao zaidi kilikuwa mkate na maji. Kuna barua alimwomba rafiki amtumie kibakuli cha jibini, ili siku akijisikia kufanya sherehe awe na kitu. Jibini, wanangu, ndo ilikuwa sherehe! Na barua ingine kwa mtu anaitwa Menoeceus kaandika wazi kabisa kwamba akisema raha hamaanishi kulewa mfululizo, wala kukimbizana na wanawake, wala masamaki ya meza za matajiri, anamaanisha mwili usiumwe na roho isitaabike. Mkate na maji, anasema, vinaleta raha ya juu kabisa vikimkuta mtu ana njaa.

Hilo la mkate nililielewa kwa mwili, sio kwa kitabu. Bandarini nilikuwa na hela ya ovataimu, na bia ya kwanza ya jioni ilikuwa tamu kwelikweli, koo limekauka na vumbi la magunia, ule ubaridi unashuka unausikia mpaka kifuani. Miaka ikaenda, nikawa nakunywa ya sita siisikii hata kidogo, mkono umezoea tu kupanda na kushuka, na mshahara unaisha tarehe kumi. Alafu malaria ikanipiga siku tano sikuweka kitu mdomoni, siku ya sita mama yenu akaniletea uji wa ulezi kaukamulia ndimu, kwenye kikombe cha bati kilichobonyea pembeni. Nilikunywa nikalia machozi. Mpaka leo sijaonja kitu kitamu vile.

Plato, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki, kaandika jinsi mwalimu wake Socrates alivyobishana na bwana mmoja Callicles, ambaye alikuwa anasema hayohayo mnayosema nyie, kwamba mwanaume ni kuziachia tamaa zikue alafu unazishibisha. Socrates akamwambia huyo ni mtu mwenye mitungi iliyotoboka, anachota usiku na mchana, akipumzika kidogo tu anateseka. Mie mtungi huo niliujaza miaka kumi na moja.

Najua kuna atakayesema mzee unatuletea maskini wa jibini, tuletee mla bata wa kweli. Yupo, Aristippus, tena ni wa Afrika hii hii, wa Cyrene, ilipo Libya ya leo. Huyo alikula, akavaa, akakaa na wafalme na wanawake wa bei. Siku moja anaingia nyumba ya mwanamke wa aina hiyo, kijana aliyekuwa nae akaona aibu, Aristippus akamwambia kuingia sio hatari, hatari ni kushindwa kutoka. Mie siwatumi kwenye nyumba hizo, mnanijua, ila kipimo chake nakikubali kabisa na ndo nawaomba mjipime nacho. Kaeni wiki mbili bila pombe mwone kama mlango bado unafunguka. Na yule ambaye asubuhi anaamka mikono inatetemeka asijaribu kuacha ghafla peke yake, ni hatari, inaweza kuua, aende kwanza hospitali amwambie daktari ukweli wote.

Kuna neno lingine la Epicurus ambalo nyie mnalo tayari. Alisema kabla hujaangalia utakula nini na kunywa nini, angalia utakula na nani. Nyie mnapendana, nimewaona mwezi wa tatu mmebeba jeneza la mwenzenu mnapokezana mpaka makaburini.

Epicurus alikufa mwaka 270 KK, jiwe limemziba mkojo siku 14. Siku yake ya mwisho akaandika barua kwa rafiki kwamba maumivu yamefika mwisho wa maumivu, ila anayawekea mzani furaha ya kukumbuka maongezi yao, alafu akaomba kitu kimoja tu, watoto wa Metrodorus watunzwe. Metrodorus alikuwa rafiki yake wa pale bustanini, alishatangulia miaka saba nyuma.

Mwenzenu kaacha watoto wawili. Kila Jumamosi mnaagiza kreti ya kumkumbuka, inakaa mbele ya kiti chake. Yule mkubwa nimemkuta juzi dukani anaulizia bei ya daftari moja, miguuni kavaa viatu vya baba yake, kajazia magazeti kwenye vidole ili visimvuke. Hela ya kreti ya Jumamosi hii naiomba nipewe mie, naongezea ya kwangu, Jumatatu saa mbili asubuhi naenda nae kununua viatu na madaftari. Atakayetaka kuja anikute kwenye mwembe.

Mzee wenu.