Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: fangasi aliyemuua kaka yangu anapimika kwa tone la damu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa dada wa mtu aliyekohoa miezi miwili, akapimwa makohozi mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa hana TB. Alikuwa amerudi kwenye ARV baada ya kuziacha karibu mwaka mzima. Kila alipokwenda kliniki alipewa vidonge vya kifua akarudishwa nyumbani. Kisha kichwa kikaanza kumuuma, mwanga ukamtesa, akawa anatuita kwa majina yasiyo yetu. Hospitali ya pili ndiyo iliyochukua maji ya uti wa mgongo, na hapo tukasikia neno kriptokokasi. Siku ya sita tulimzika.

Fangasi huyu hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa. Tunamvuta kwa hewa bila kujua, na mwenye kinga nzuri kwa kawaida hadhuriki. Kinga ikishuka, huota mapafuni, akapita kwenye damu hadi kwenye ubongo. Septrini aliyokuwa akimeza kaka humzuia fangasi mwingine wa mapafu, nimosistisi, huyu haimgusi. Wala haambukizwi mtu kwa mtu. Nalisema hili kwa sababu msibani wapo walioogopa kugusa vikombe vyake, na mama aliwaona.

Kinachoniuma, Mheshimiwa, ni kwamba kipimo kipo. Tone la damu ya kidoleni, kijiti cha karatasi, dakika kama kumi, bila umeme. Huweza kumwona fangasi wiki kadhaa kabla kichwa hakijauma, wakati vidonge vya flukonazoli bado vina nafasi ya kumzuia. Na ushahidi umetoka hapa hapa. Utafiti uliofanyika kwenye kliniki za Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa 2015, uliwafuata wagonjwa walioanza ARV wakiwa na CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, chini ya 200. Kundi moja lilipimwa fangasi huyu na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo. Vifo katika kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 28.

Lakini bila CD4, nani atajua apimwe nani? Siku hizi mtu akikutwa na VVU anaanzishiwa dawa mapema, jambo lililookoa wengi, ila CD4 imeachwa kana kwamba haina kazi tena. Kadi ya CTC, kliniki ya VVU, ya kaka ninayo. Tangu aliporudi, safu ya CD4 ni tupu.

Naomba kila anayeanza au kurudi kwenye ARV apimwe CD4, na ikiwa chini ya 200 apimwe kriptokokasi siku hiyohiyo, kabla hajatoka kliniki. Kwa ambao ubongo umeshaguswa, Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, dawa ya fangasi inayoingizwa mshipani, pamoja na dawa nyingine za fangasi, flusitosini na flukonazoli, kwa siku 14. Uganda na Malawi zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu tiba hiyo. Kaka yangu alipewa flukonazoli peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo.

Nasubiri utuambie hadharani: leo hii ni kliniki ngapi za CTC zina kijiti hicho, na ni hospitali zipi za mikoa zina flusitosini?

Dada wa marehemu,
Dar es Salaam